Mavi, Kamasi na Adabu: Juu ya Vitabu vya Watoto Vichekeshavyo kwa Uchafu

Wazazi na walimu walalamikao kwamba vitabu vya picha vya zama zetu vimejaa mavi, kamasi na ushuzi hawasemi uongo, maana vimejaa kweli. Lakini dawa waitakayo, nayo ni kuvizuia vyote mlangoni mwa darasa bila ya kupambanua hiki na kile, naiona ni hukumu iliyopitishwa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Nasema haya kwa kuwa mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini, na kazi yangu yanilazimu kuvisoma vitabu hivi kwa sauti mbele ya watoto ambao bado hawajajua kuficha kicheko.

Kilicho mashuhuri katika jamii hii kilitoka Ujerumani mwaka 1989, kikaandikwa na Werner Holzwarth na kupambwa kwa picha na Wolf Erlbruch, msanii ambaye mwaka 2006 alitunukiwa tuzo ya Hans Christian Andersen, na tuzo hiyo haipewi mchoraji wa upuuzi. Fuko anatoa kichwa ardhini, na papo hapo kinyesi kinamwangukia utosini na kukaa pale kama kilemba. Naye, madhali macho yake ni hafifu, hakumwona aliyemtenda. Basi anafunga safari, na mzigo wake kichwani, kwenda kumsaili njiwa, farasi, sungura, mbuzi, ng'ombe na nguruwe, na kila mmoja, badala ya kuapa, anajitetea kwa kuangusha chake pale pale: njiwa tone jeupe, farasi madonge mazito, sungura vipunje vya mviringo. Ukikisoma darasani, mwanzo wake hausikilizani kwa vifijo. Lakini ufikapo kwa mbuzi, kelele hupungua, na watoto huanza kubishana kwamba hiki ni kigumu ilhali kile kilikuwa laini, na rangi hii siyo ile, basi mbuzi hana hatia. Hapo wanalinganisha dalili na kuwatoa wasiohusika mmoja mmoja, mpaka nzi wawili, ambao ndio mabingwa wa fani hiyo, wamtaje mhalifu. Sijaona zoezi la mantiki katika vitabu vya kiada lililofuatwa kwa makini namna ile.

Siwezi kusema hivyo juu ya yule mbwa Walter wa Marekani, aliyetokea mwaka 2001, ambaye sifa yake yote ni kujamba, na ambaye ushuzi wake hatimaye unawafukuza wezi na kumwokoa asifukuzwe nyumbani. Ni kisa chenye huruma, nakiri, lakini kikishasomwa mara moja hakibakishi kitu cha kuulizwa, na mtoto akitakaye tena anataka harufu tu. Hata hivyo sikubaliani na wenye mamlaka wa shule za wilaya moja ya Mississippi, ambao mwaka 2022 walimwachisha kazi naibu wa mwalimu mkuu kwa kuwasomea watoto wa darasa la pili kitabu juu ya mtoto atafutaye matako mapya. Ni adhabu kubwa mno kwa kosa ambalo, kama ni kosa, lingetosha kuonywa.

Hoja itolewayo aghalabu kuvitetea vitabu hivi ni kwamba vinawavuta wavulana wasiopenda kusoma, na Wajapani wameifikisha hoja hiyo ukomoni: mwaka 2017 walichapisha madaftari ya kufundishia herufi za kanji ambayo ndani yake kila sentensi ina neno la mavi, yakauzwa kwa mamilioni. Yafaa kwa mazoezi, labda. Mimi hoja hiyo hainiridhishi, kwa sababu inakifanya kitabu kuwa chambo. Namstahi zaidi Mjapani mwingine, Taro Gomi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1977 hakifanyi mzaha kabisa, bali kinaeleza kwa utulivu kwamba kila kiumbe alaye hana budi kutoa.

Na utulivu huo si mgeni kwetu. Mtoto wa pwani asomaye chuoni hufunguliwa Safinatun Naja, mukhtasari wa fiqhi ya Kishafii wa Sheikh Salim bin Sumeir wa Hadhramaut, na kabla hajafika kwenye nguzo za sala amekwisha kusoma masharti ya kustanji na mambo yatenguayo udhu, la kwanza likiwa ni kitokacho katika moja ya tupu mbili, isipokuwa manii. Huyasoma hayo mbele ya maalimu wake na asicheke. Wazee nao hawakuona haya kuuliza, mavi usiyoyala, wayawingiani kuku? Staha yetu, basi, haikuwa kulikimbia jambo; ilikuwa kulijulia mahali pake.

Tena tusijidai kwamba watoto wetu walingoja vitabu vya Ulaya wafundishwe kuucheka uchafu. Nani asiyeujua wimbo wa kumzomea kikojozi, ambao watoto huuimba wakimzunguka mwenzao, hali kitandani hakukusudia lolote? Wimbo huo, ambao hakuna mzazi aliyekuja shuleni kuushitaki, ni mkali kuliko visa vyote nilivyovitaja, maana una mtu ndani yake, naye yupo pale anasikia. Hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu wa kuchagua: kitabu kinichekeshacho kwa mwili ambao ni wangu na wako hukipokea, lakini kitabu kimchekacho mnene, au mtoto anukaye kwa kukosa maji ya kuogea, sikiweki rafuni hata kama hakina neno moja chafu, kwa kuwa kesho yake jina la kubandikwa mtu litakuwa limetoka mdomoni mwangu.

Kwa kipimo hicho hicho hata fuko hasalimiki. Akishamjua mkosaji, naye ni mbwa wa mwenye bucha, anamnyemelea akiwa amesinzia na kumdondoshea utosini kipunje chake kidogo cheusi, kisha anarejea shimoni ameridhika, na darasa zima hushangilia. Wazazi wanaokuja kwangu na kitabu hiki mkononi hunifunulia ukurasa wa kwanza, wa kinyesi. Wa kisasi hawaufikii. Mimi huo ndio ninaousimamia, nikawauliza watoto kama mbwa alikuwa amekusudia, na kengele hulia wangali wanagombana.