Kwenye safu ya "Vikwazo" nilimwandika mama mdogo

Najua nimepotea, wiki tatu kavu sijaandika kitu hapa, na wengine mmeanza kunitumia meseji mkiuliza kama nimekula supu nikajificha. Sijala (bado, teh teh). Nilikuwa nahangaika na maandalio ya somo, halafu nikapata kibarua, na hicho kibarua ndicho kimenikalisha chini usiku huu wakati wenzangu chumbani wamelala. Nina hasira, nawaambia mapema. Mwenye presha asiendelee.

Stori iko hivi. Rafiki yangu mmoja wa Mass Comm alinikuta pale Malimbe nakula chipsi, akaniambia, "We si mtu wa Busisi? Kuna jarida la mitindo linakuja kupiga picha huku, wanataka mwenyeji wa kuwazungusha wasake lokesheni." Elfu thelathini kwa siku, siku mbili, chakula juu yao. Boom lilikuwa limeshakata zamani. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Kwa ambao hamjawahi kuifanya hii kazi: kabla modo hajapanda basi, kabla ya nguo na rangi za uso, anatangulia mtu kutafuta mahali. Anaangalia jua linatokea wapi, gari litaegeshwa wapi, choo kiko wapi, mvua ikija mtakimbilia wapi. Anapiga picha za majaribio kwa simu, anajaza fomu, anatuma Dar. Huko wanakaa mezani na kuchagua. Kwa hiyo mtu wa lokesheni ndiye anayeamua nchi hii itaonekanaje, na mara nyingi ni mwanachuo mwenye njaa kama mimi.

Hawakutaka jiwe la Bismarck, wanasema limechoka, kila harusi ya Mwanza imepigwa pale. Kapripointi hapana, Saanane hapana. Walitaka daraja. Tangu Rais Samia alifungue tarehe 19 Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli limekuwa ndiyo picha ya Mwanza: kilomita 3 juu ya maji kutoka Kigongo mpaka Busisi, upana mita 28.45, zaidi ya shilingi bilioni 700. Nani hataki modo wake asimame mbele ya kitu kama hicho?

Na mimi nikajituma jamani. Niliwaeleza mambo ambayo mtu wa Dar hawezi kuyajua kwa kuangalia ramani. Kwamba Busisi iko upande wa magharibi wa ghuba, kwa hiyo asubuhi jua linakuchoma machoni likitokea ng'ambo, juu ya Kigongo, na daraja linaonekana jeusi tupu. Ukitaka daraja liwe na rangi, njoo Busisi jioni kuanzia saa kumi, jua liko mgongoni kwako na mawe ya ng'ambo yanageuka kama tofali la kuchoma. Ukitaka machweo, vuka ukasimame Kigongo. Saa sita mchana usimpige mtu picha kabisa, sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, jua linakaa utosini na macho yote yanakuwa mashimo. Asubuhi ziwa limetulia kama maji ya kwenye beseni, mchana upepo unaanza na gauni jepesi litamfunika modo usoni. Magugu maji leo yapo, kesho upepo umeyahamishia kwa jirani, kwa hiyo usiahidi mtu maji safi. Kaka mpiga picha alikuwa ananiangalia kama profesa. Nikavimba kichwa.

Sasa hiyo fomu. Ilikuwa na safu za jina la eneo, mwelekeo wa mwanga, umbali kutoka barabarani, ruhusa, halafu safu ya mwisho imeandikwa "Vikwazo". Nikauliza vikwazo kama vipi. Dada msimamizi akasema, "Chochote kitakachoharibu fremu. Nyaya za umeme, takataka, kelele, watu."

Tulikuwa tumesimama juu ya mawe, chini yetu ndiyo ule ufukwe karibu na palipokuwa gati ya kivuko. Fremu nzuri kuliko zote za siku ile, daraja linaanzia kushoto linaondoka mpaka linakuwa uzi. Na katikati ya fremu, mwavuli mmoja, jiko la mkaa na wanawake wawili. Nikaandika hivi, nanukuu mwandiko wangu mwenyewe: "Wachuuzi 2, mwavuli, moshi. Wanaweza kuhamishwa."

Mmoja wa hao wachuuzi ni mama yangu mdogo. Sikumfananisha, nilimwona vizuri na mwavuli wake naujua. Niliandika kwa sababu fomu iliuliza.

Ngoja niwaeleze huyo mama ni nani. Waliowahi kupita njia ya Sengerema na Geita enzi za kivuko mnakumbuka ile foleni. Mabasi, malori, magari ya wagonjwa, wote mmepanga mstari mnasubiri MV Misungwi au MV Mwanza igeuze. Ukiwa na bahati unavuka mapema, ukiwa na mkosi saa mbili zinapita hujasogea. Ile foleni ndiyo ilikuwa soko letu. Mama mdogo alikuwa anapita dirisha hadi dirisha na beseni la sato wa kukaanga na mayai ya kuchemsha, na karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye yale madirisha. Leo gari linavuka kwa dakika chache tu, halisimami. Msininukuu vibaya, sipingi daraja, na mama mdogo mwenyewe hapingi. Anasema tulishawahi kukaa na mgonjwa kwenye foleni usiku mpaka tukakata tamaa, nani arudi huko. Lakini wateja walipanda juu na yeye akabaki chini, ndiyo hali halisi. Sasa anakaanga samaki kidogo kwa ajili ya wavuvi na vijana wanaokuja kujipiga selfi.

Siku ya pili wakaamua kujaribu fremu yenye mtu. Dada msimamizi akasema labda huyo mama asiondolewe, labda anaongeza uhalisia. Nikafurahi, nikasema afadhali. Jioni ya siku ya kwanza nilikuwa nimempigia mama mdogo simu kwamba kesho tunakuja na wageni, na yeye kama mnavyowajua wazazi wetu akavaa kitenge chake kizuri, kile cha kipaimara cha binti yake. Tumefika, shikamoo mama, marahaba wanangu, mwangaluka, karibuni. Kisha dada akasema, kwa upole kabisa sikatai: "Mama samahani, huna kanga ya kawaida kawaida? Iliyopauka? Hiyo inapigana na nguo ya modo."

Modo hakuwepo hata. Nguo yenyewe iko Dar.

Mama mdogo akanitazama. Mimi nikatazama ziwa. Akaingia kwa jirani, akarudi na kanga ya kufungia mtoto. Wakamwambia akaange samaki ili moshi upatikane, akawatia sato wanne kwenye mafuta, wakampiga picha akigeuza, akikaa, akisimama, "usiangalie kamera mama, angalia mbali". Ilichukua kama saa nzima. Wale sato wakakauka mpaka wakawa kama soli ya kiatu. Wakamaliza, wakasema asante sana mama, Mungu akubariki, wakafunga kamera. Hakuna aliyenunua hata mmoja. Nilipomuuliza kaka mpiga picha kuhusu malipo, akasema bajeti ya majaribio haina fungu la watu.

Basi hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na naomba mnisikilize hasa nyie wa Mass Comm, kwa sababu kesho nyie ndio mtakuwa mnashika hizi fomu.

Kila kitu kwenye ile kazi kina bei yake. Gari linalipiwa. Chumba cha kulala Mwanza kinalipiwa. Droni hairuki hewani mpaka Mamlaka ya Usafiri wa Anga itoe kibali. Modo analipwa, wa kumpaka rangi analipwa, mimi niliyeonyesha kidole nimelipwa elfu sitini. Mtu pekee aliyetoa samaki wake, mkaa wake, saa yake na sura yake anaambiwa Mungu atambariki. Kwa nini deni letu apelekewe Mungu?

Rafiki yangu alinipinga usiku ule ule tukiwa kwenye Hiace ya kurudi, na hoja zake si za kijinga, nazileta hapa kwa haki. Moja, ziwa si la mtu. Kweli, si la mtu. Ila jiko ni la mtu, na uso ni wa mtu, na nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Hata bila sheria, ukiingia kwenye uwanja wa nyumba ya mtu unapiga hodi. Ufukwe ambapo mama amekaa miaka na beseni lake ni uwanja wake kwa namna ambayo ramani haionyeshi.

Pili, eti tunaitangaza Busisi. Hapa ndipo nilipopandisha sauti mpaka kondakta akageuka. Chukueni simu zenu mtafute picha za daraja. Ngapi zimeandikwa Busisi? Nyingi zimeandikwa Mwanza, basi. Hata Sengerema wenyewe hatutajwi. Busisi iko pale mwisho wa daraja, kidoti, ambacho mpiga picha mzuri anakikata ili anga lionekane. Huwezi kutangaza mahali kwa kuwafuta watu wake kwanza.

Tatu akasema, "Wewe mwenyewe ulikubali, ukaandika, ukala hela." Hii sina jibu lake. Ni kweli.

Tena mkumbuke sisi watu wa huku tuna historia na kamera. Mwaka 2004, wakati mimi bado nanyonya, Mwaustria Hubert Sauper alitoa filamu ya Darwin's Nightmare kuhusu sangara wa Mwanza, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya na watu huku wanabaki na mapanki. Ikaingia hadi kwenye kinyang'anyiro cha Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete akailalamikia hadharani kwamba inaichafua nchi. Wazee wetu wanaikumbuka ile kelele. Tulikasirika kwamba mgeni amekuja akachagua mapanki tu. Sawa. Leo ndugu zetu wa Dar wanakuja wanachagua machweo tu, na mama mmoja aliyepauka kwa ajili ya uhalisia, na tunawashangilia. Mimi naona ni fremu moja iliyogeuzwa ndani nje. Hakuna aliyemuuliza anayekaa pale angependa aonekane vipi, na jibu lilikuwa wazi kabisa, alikuwa amelivaa!

Na msiniambie haiwezekani kwenye jarida. Waliosoma sekondari miaka ya karibuni wanalijua jarida la Fema, na kaka zetu walisoma Si Mchezo!, lililoanza 2003, ambalo liliwaweka watu wa vijijini kurasani pamoja na habari zao. Najua hayo si majarida ya mitindo. Lakini kumuuliza mtu jina lake hakuongezi gharama ya wino.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kitu kimoja kuhusu fomu ambacho nilikiona cha kuchosha mpaka wiki hii. Andalio la somo lina safu ya kazi za mwalimu na safu ya kazi za mwanafunzi, na mhadhiri wetu hupenda kusema ukiifuta ile safu ya mwanafunzi, mwalimu atafundisha ukuta na hatajua. Ile fomu ya lokesheni ilikuwa na safu ya mwanga na haikuwa na safu ya mtu. Mtu akakosa pa kuandikwa, nikamtupia kwenye vikwazo pamoja na nyaya za umeme.

Kwa hiyo mwanachuo yeyote atakayepewa hicho kibarua, iwe Busisi, iwe Kigongo, iwe Igombe au kwenye mawe ya Bwiru, chora safu yako mwenyewe kwa kalamu: nani yuko hapa, anaitwa nani, amekubali au amekataa, atalipwa shilingi ngapi, nguo atachagua nani. Wakikataa kuijaza, warudishie fomu yao. Najua ni rahisi kusema ukiwa umeshakula elfu sitini.

Mimi jana nimemwandikia dada msimamizi ujumbe, nimemwomba ile fremu ya ufukweni iondolewe kwenye orodha mpaka mama mdogo alipwe samaki wanne na saa yake, na kwamba akipigwa tena apigwe na kitenge chake. Umeonekana umesomwa. Jibu hakuna. Rafiki yangu wa Mass Comm naye hanisemeshi, anasema nimemharibia mtandao wa kazi.

Jumapili nilienda Busisi na elfu ishirini kwenye bahasha. Mama mdogo alihesabu, akachukua elfu kumi na mbili, bei ya sato wanne, akanirudishia elfu nane. Akasema hiyo saa moja si mimi ninayedaiwa.

Kesho saa mbili asubuhi nina testi ya Saikolojia ya Elimu na daftari sijalifungua. Wacha nikadese kidogo.