Kukunja Si Kufuta: Hoja Kuhusu Uhariri wa Sheria kwa Kiswahili

Ardhi, huko Kitengela na Kajiado kwa jumla, ndiyo mali na ndiyo chanzo cha ugomvi. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Ranchi ambazo hazikugawanywa sasa zimo chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Kwa kuwa Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, ni haki sheria hiyo isomeke kwa Kiswahili pia. Hata hivyo, tafsiri nzuri haitoshi iwapo matini imepangwa vibaya kwenye skrini.

XML, iliyoidhinishwa mwaka 1998, huipa matini alama za muundo: sehemu, kifungu, kifungu kidogo. Laha ya mtindo, ambayo hukaa katika faili yake, huamua mwonekano tu. Katika kihariri kama oXygen, laha hiyo yaweza kuagiza kila kifungu kikunjike, kichwa kibaki wazi, na yaliyomo yafunuliwe kwa kubofya alama iliyo kando. Hakuna neno linalofutwa. Mhariri huiona mifupa ya sheria nzima kwa kutupa jicho mara moja.

Aghalabu uamuzi wa kipi kikunjwe huachiwa fundi wa kompyuta. Hapo ndipo penye kosa. Kichukuliwe kifungu cha 15. Kinaeleza kwamba baraza la jamii huchagua kamati ya watu 7 hadi 15. Kifungu kidogo cha 5 kinaongeza kwamba uamuzi wa kuuza ardhi ya jamii sharti uungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wanajamii waliosajiliwa. Kikikunjwa hicho, mhakiki wa tafsiri anaweza kukipita, na msomaji akadhani kamati yatosha kuuza.

Dawa imo katika laha iyo hiyo, kwani huruhusu kutaja elementi zisizokunjika. Masharti yanayolinda haki yapewe elementi yake, yabaki wazi daima. Kuyatambua masharti hayo ni kazi ya mjuzi wa lugha na maana, si ya fundi. Hivyo basi, idara za Kiswahili ziwafunze wanafunzi wao stadi hii. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.