Koti la Marehemu na Haki ya Yatima



Ijumaa hii tunapenda kulizungumza jambo ambalo ndugu zetu wa Masasi na Newala hawahitaji kusimuliwa na mtu wa mbali. Tangu Serikali ilipoiweka biashara ya bodaboda chini ya kanuni za leseni mwaka 2010, pikipiki imekuwa riziki ya vijana wengi wa Uwanda wa Makonde na wa vijiji vilivyo chini yake. Ndiyo inayompeleka mama mjamzito zahanati usiku, ndiyo inayoteremka bonde la Ruvuma na kupanda tena, ndiyo inayobeba gunia la korosho kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi. Na ndiyo hiyo hiyo, kwa kadari ya Mwenyezi Mungu na mara nyingi kwa uzembe wa binadamu, inayotuachia wajane ambao bado ni wasichana.

Maiti husitiriwa, dua husomwa, watu hutawanyika. Pale nyumbani hubaki rundo: kofia ngumu, koti zito la baridi ya alfajiri, glavu, buti, koti la mvua, kizibao cha kung'aa, mfuko wa spana, simu, na pengine pikipiki yenyewe. Kabla ya siku ya saba koti limekwishaonekana mgongoni mwa binamu. Buti zimechukuliwa na rafiki wa kijiweni kwa jina la ukumbusho. Pikipiki imepelekwa Masasi mjini na mtu aliyesema anakwenda kuitafutia mteja, na bei aliyoipata anaijua yeye na mnunuzi.

Ndugu Waislamu, koti hilo ni mirathi. Kila alichokimiliki marehemu, kikubwa na kidogo, kimekuwa mali ya warithi tangu roho ilipotoka. Sura ya An-Nisaa, aya ya 7, imeweka wazi kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, yawe machache au mengi. Neno "machache" halikuwekwa hapo bure. Anayegawa nguo za marehemu kuwa sadaka huku kuna watoto wadogo ametoa sadaka ya mali isiyo yake, kwa kuwa mtoto mdogo hana ridhaa inayozingatiwa, na mama yake hawezi kuridhia kwa niaba yake katika kutoa bure. Mrithi mtu mzima anayetaka kutoa na atoe katika fungu lake baada ya kugawiwa. Aya ya 10 ya sura hiyo inawafananisha wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma na watu wanaojaza moto matumboni mwao.

Hapa ipo hali ya kusini ambayo lazima isemwe bila kificho. Wamakonde, Wamakua na Wayao ni watu wa ukoo wa mama. Kwa mila za wazee wetu, mali ya mwanamume ilielekea kwa ndugu wa tumbo moja na kwa wapwa zake, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli. Mila hiyo ina mazuri yake, na sisi si miongoni mwa wanaoidharau: mtoto wa Kimakonde hakosi pa kulala maadamu mjomba yu hai. Lakini mjomba anapoingia chumbani kwa marehemu siku ya tatu na kutoka na ufunguo wa pikipiki, huku mjane yu ndani ya eda ya miezi minne na siku kumi, hiyo haiwi mila tena bali ni unyang'anyi uliovaa kanzu ya mila.

Tena si jambo jipya. Baada ya vita vya Uhud, mke wa Saad bin Rabii (RA) alimwendea Mtume (SAW) na mabinti wawili, akamweleza kuwa baba yao ameuawa vitani na ami yao amechukua mali yote, nao hawataolewa wakiwa hawana kitu. Mtume (SAW) akamwambia asubiri hukumu ya Mwenyezi Mungu. Ikateremka aya ya mirathi, naye akamwita yule ami na kumwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, kisha kilichosalia kiwe chake. Kule Madina mchukuaji alikuwa ami na huku kwetu huwa mjomba, lakini aliyenyimwa ni yule yule. Na tazameni kuwa yule ami hakufukuzwa mikono mitupu. Alipewa kilicho chake baada ya wenye haki kupata. Mjomba kwa kawaida hana fungu pale walipo watoto, mke na wazazi, ila aya ya 8 inahimiza jamaa wasiorithi wanaohudhuria mgawanyo nao wapewe kitu kwa kauli njema. Hapo ndipo warithi watu wazima wanapoweza kumkumbuka mjomba kwa heshima yake.

Tukija katika kuuza, kwanza ijulikane kinachouzwa ni cha nani. Vijana wengi huendesha pikipiki ya tajiri na kumpelekea hesabu kila siku. Hiyo si mirathi, irudishwe kwa mwenyewe. Wengine wako katika mkataba, wanalipa kwa mwaka au zaidi ndipo kadi iwe yao. Kijana akifa amebakiza miezi mitatu, tajiri husema chombo ni changu, na familia husema tumekwishalipa. Tunashauri mkataba usomwe mbele ya sheikh na mashahidi wawili, malipo yahesabiwe, na tajiri akumbuke kwamba yaliyobaki ni deni juu ya mali ya marehemu. Mjane hawajibiki kulilipa kwa kuuza mikorosho yake mwenyewe. Tajiri mwenye imani aisome aya ya 280 ya Suratul Baqara juu ya kumpa muda mdaiwa aliyekwama, na kwamba kusamehe ni bora zaidi.

Baada ya gharama za mazishi hulipwa madeni, na mahari iliyobaki ni deni kama mengine, ingawa wanaume hulisahau hilo kuliko deni la duka. Kisha wasia usiozidi theluthi, nao hauwi kwa mrithi. Kwa Masasi, ambako wamisionari wa Kiingereza waliingia mwaka 1876 na ambako nyumba moja huweza kuwa na Waislamu na Wakristo, wasia huo ndio mlango wa kijana Mwislamu kumwachia kitu mama yake asiyekuwa Mwislamu. Lakini auandike angali hai.

Mjane aliye katika eda hawezi kuzunguka sokoni, kwa hiyo lazima apatikane mtu wa kuuza kwa niaba ya familia. Huyo ni wakala, na wakala ni mtu wa amana. Mtume (SAW) alimpa Urwa al-Bariqi (RA) dinari moja akamnunulie mbuzi. Urwa akanunua mbuzi wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yake, naye akaombewa baraka katika biashara. Hakusema kuwa ile faida ni ya ujanja wake. Anayeuza pikipiki ya marehemu akipata laki moja zaidi ya ilivyotarajiwa, laki hiyo ni ya yatima. Akitaka ujira na atamke kabla, ukubaliwe na kuandikwa. Asijiuzie mwenyewe wala asimuuzie shemeji yake kwa bei ya kificho, wala asiweke mtu wa kupandisha bei kwa uongo, maana hilo limekatazwa.

Na asiuze gizani. Watu wa Newala na Masasi wanaujua mnada kuliko wengi. Kwa miaka mingi, katika minada ya TANECU na MAMCU, bei za wanunuzi zimesomwa mbele ya wakulima ndipo wakulima wakasema ndiyo au hapana. Mwezi Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba waliikataa bei mchana kweupe. Watu waliothubutu kuwakatalia wanunuzi wakubwa wa korosho wanashindwaje kuuliza koti la yatima limekwenda kwa shilingi ngapi? Bidhaa ziwekwe kijiweni au barazani baada ya swala, kila kimoja kitajwe, na bei iandikwe kwenye daftari.

Wapo watakaosema nguo za aliyekufa barabarani zina nuksi. Uislamu haujui nuksi ya koti. Tumesikia hata hivyo kwamba nuksi hiyo hutajwa zaidi wakati wa kupatana bei, na baada ya hapo mnunuzi hulivaa bila hofu yoyote. Lenye damu lifuliwe litwaharike, lenye mshono uliochanika lioneshwe mchaniko wake.

Kofia ngumu iliyokuwamo katika ajali ina hukumu tofauti, na hapa tunaomba tusikilizwe vizuri. Ndani ya kofia hiyo mna povu gumu linalomlinda mtu kwa kupondeka. Likishapondeka mara moja halirudi kama lilivyokuwa, hata kama gamba la nje linang'aa na halina ufa. Anayeiuza kofia hiyo anamuuzia kijana mwingine tumaini tupu. Mtume (SAW) alipitia sokoni rundo la nafaka, akaingiza mkono akakuta unyevu chini. Muuzaji akasema ilinyeshewa. Akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu juu watu wauone, kisha akasema mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Unyevu wa nafaka unaweza kumtia mtu hasara ya chakula, lakini povu lililopondeka litamtia kaburini. Kofia ya ajali ikatwe mikanda na kuvunjwa, hata kama familia ni fukara. Ile aliyokuwa nayo kwa ajili ya abiria, kama haikupata kishindo, na iuzwe.

Baada ya hayo tuchukue mfano. Tuseme vyote vimeuzwa, madeni yamelipwa, na zimebaki shilingi 1,440,000. Marehemu ameacha mke, mama, mtoto wa kiume na wa kike, na baba yake alikwishafariki. Mke ana thumuni, shilingi 180,000. Mama ana sudusi, shilingi 240,000. Zinabaki 1,020,000: wa kiume 680,000 na wa kike 340,000. Kama mjane ana mimba, mgawanyo usikamilishwe kabla hajajifungua, au fungu la aliye tumboni lizuiwe kwa hesabu ya sheikh ajuaye. Fedha za watoto ziwekwe mahali pa amana, na mlezi asizichanganye na zake. Akiwa fukara, aya ya 6 inamruhusu kula kwa kiasi cha wema. Akiwa na uwezo ajizuie.

Pikipiki yenye kadi ya jina la marehemu isiuzwe kwa karatasi ya mkono. Familia ikae kikao, iandike muhtasari, iende na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi, na itamke huko kwamba marehemu aliishi kwa Uislamu na mirathi yake igawanywe hivyo. Familia isipotamka hivyo inaufungulia mabishano mlango, maana katika mahakama hizo mila nayo ni sheria.

Na kama kijana aligongwa na gari, wazee wasikubali kusaini haraka kwa sababu dereva ameleta mchele na sanda. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa gari lolote linalopita barabarani, na fidia ya kifo ni haki ya warithi wote, mke akiwamo. Mtume (SAW) alimwandikia Dhahhak bin Sufyan (RA) amrithishe mke wa Ashyam katika diya ya mumewe, wakati ambapo wengine walidhani mke hana chake humo.

Simu ya marehemu nayo isigawiwe kwa kijana yeyote, wala laini isitupwe. Salio la fedha lililomo ni mirathi, na majina yaliyomo ndiyo daftari lake la madeni. Iachwe ikiwa na chaji kwa msimamizi, kwa kuwa wapo abiria waliobebwa kwa mkopo wakati wa kusubiri malipo ya korosho, nao watapiga kuuliza pa kulipa.