Matumaini ya Mtafiti Si Ushahidi

Mwandishi mmoja aliyetetea jaribio la mkia mmoja, yaani kipimo cha kitakwimu kinachotafuta athari upande mmoja tu, anadai kwamba mtafiti anayejua dawa itasaidia hana haja ya kutazama upande wa pili wa mkunjo wa kawaida. Hoja hiyo ni ya hatari.

Hesabu yenyewe haina ubishi. Kwa kiwango cha asilimia 5, mkia mmoja hudai thamani ya z ivuke 1.645, ilhali mikia miwili, kila mmoja ukibeba asilimia 2.5, hudai 1.96. Matokeo ya 1.8 hufaulu kwa kipimo cha kwanza na kufeli kwa cha pili. Anayechagua mkia baada ya kuona data amejiongezea maradufu uwezekano wa kutangaza jambo lisilokuwepo.

Kosa kubwa zaidi ni kuamini kwamba madhara hayawezekani. Katika utafiti wa CAST, encainide na flecainide, dawa za kutuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika, zilitarajiwa kuokoa watu waliokwisha kupata shambulio la moyo. Mpango wa awali ulikuwa wa mkia mmoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha vifo 63 kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa, na 26 kati ya 743 waliopewa vidonge bandia.

Mkia mmoja unafaa pale tu ambapo matokeo ya upande wa pili hayabadilishi uamuzi wowote, na uchaguzi huo umeandikwa kabla ya data kukusanywa. Kwa dawa, sharti la kwanza halitimii. Mgonjwa ana haki ya kujua kama kidonge kinamponya, na pia kama kinamuua.