Utamu wa hotelini umelala pembeni ya sahani

Muulize mtu anayetoka kula hotelini ni kitu gani kilichomkuna roho. Mara nyingi hatataja nyama. Atakwambia kachumbari yao ilikuwa inakatika mdomoni, chipsi zimekauka vizuri, mchicha una nazi ya kutosha, na kulikuwa na kibakuli cha chatne ya ukwaju alichokimaliza chote. Kuku aliyekula ni wa soko lilelile analonunulia yeye, na mchele ni uleule anaoupika kwake. Kilichomtoa nyumbani, yeye na fedha zake, ni vikorombwezo.

Mimi nasema vikorombwezo hivyo vinapikika nyumbani kwa kiwango kilekile, na tunavikosa kwa sababu moja: tunavipa dakika za mwisho. Nyama tunaianza mapema, tunaionja, tunaihangaikia. Kachumbari tunaikata watu wakiwa wameshanawa mikono. Kisha tunalaumu mkono wa mpishi, au tunakwenda dukani kununua kipaketi cha kuongeza ladha.

Nimepika kwenye mgahawa wa watu wa kawaida hapa Tanga, nikianzia kwenye vitu vya pembeni kabla sijakabidhiwa sufuria za wali na pilau. Kabla jiko la nyama halijawashwa, vitunguu vilikuwa vimeshamenywa, viazi vya Lushoto viko kwenye ndoo za maji, nazi za Pangani zinakunwa, na maharage yaliyolala kwenye maji yameshainjikwa. Mteja wa saa saba mchana aliletewa sahani yake upesi kwa sababu kazi ya sahani hiyo ilianza alfajiri. Hatukuwa na kiungo ambacho mama wa nyumbani hakipati soko la Mgandini. Tulikuwa na mpangilio.

Nianze na kachumbari, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Kitunguu hukatwa kwa kisu kikali, vipande vyembamba kabisa. Kisu butu hukiponda, na ukali wa kitunguu hutokea pale kinapovunjwa. Kadiri unavyokiponda ndivyo kinavyozidi kuwasha. Kikishakatwa, kitie chumvi, kisugue kwa vidole taratibu mpaka kilegee na kutoa maji. Kiache kidogo, kisha kisuuze kwa maji safi ya baridi mara mbili tatu na kukikamua. Nyanya ziwe zimeiva lakini bado ngumu. Toa mbegu na majimaji ya ndani, kata nyama yake tu. Usizitie chumvi mapema, kwa kuwa chumvi huzivuta maji na bakuli lote hugeuka mchuzi. Ndimu, pilipili, kotmiri na chumvi ya mwisho viingie chakula kinapopakuliwa.

Mpwa wangu aliyeolewa Dar es Salaam alinipigia simu kuniuliza habari hiyohiyo. “Shangazi, kachumbari yako unatia nini? Mimi naweka kila kitu na bado haiwi vile.”

Nikamjibu, “Mwanangu, hakuna ninachotia ambacho wewe hutii. Kuna ninachotoa.” Nikamweleza habari ya ukali wa kitunguu na maji ya nyanya. Siku hizi hanipigii kwa ajili ya kachumbari. Ananipigia kuuliza habari za achari.

Chipsi nazo zina utaratibu wake, na wauza chipsi wa mitaani wanaujua kuliko wengi wetu. Mtazame anavyofanya: asubuhi anakaanga viazi mpaka viive bila kubadilika rangi, anavitoa, anaviacha. Mteja akifika, anavirudisha kwenye mafuta ya moto sana mpaka vikauke nje. Watu wengi hudhani anafanya hivyo ili kuwahi wateja tu. Kweli anawahi, lakini ule mkaango wa kwanza ndio unaoivisha ndani, na wa pili ndio unaokausha ganda. Ukitaka yote mawili kwa mkupuo mmoja, utapata chipsi zilizoungua nje na mbichi ndani, au zilizoiva zikalegea kama zimechemshwa.

Nyumbani fanya hivi. Kata viazi kwa unene wa kidole, vyote sawa, maana vikitofautiana vingine vitaungua wakati vingine bado. Viloweke kwenye maji ya baridi, badilisha maji mpaka yasiwe meupe tena. Weupe ule ni wanga wa juu, ndio unaovifanya vishikane na kubabuka haraka. Vikaushe kwa kitambaa safi. Mkaango wa kwanza uwe wa moto wa wastani, nyuzi 150 hivi kwa mwenye kipimajoto. Wa pili ufike 180 au zaidi kidogo. Asiye na kipimajoto atumbukize kipande kimoja: kwenye mafuta ya wastani mapovu huja polepole, kwenye mafuta ya moto huja papo hapo kwa kelele. Usijaze karai, kwa kuwa viazi vingi hupoza mafuta, na mafuta yaliyopoa huingia ndani ya kiazi badala ya kukikaanga. Na viazi vibichi usiviweke kwenye friji. Baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na chipsi zake huwa nyeusi na chungu hata ukizikaanga kwa uangalifu wote.

Sisi watu wa pwani tuna jambo la kujivunia kwenye mboga za nazi, na ndiko ninakoona uvivu mwingi. Nazi moja ina tui la namna mbili. La kwanza, linalokamuliwa kwa maji kidogo ya uvuguvugu, ni zito. La pili, ukirudia kukamua machicha yaleyale kwa maji zaidi, ni jepesi. Mchicha hupikwa kwa tui jepesi pamoja na kitunguu, nyanya kidogo na bizari, mpaka uive na maji yapungue. Tui zito huingia mwishoni, na kuanzia hapo mwiko haukai kando: unakoroga kwa moto mdogo mpaka lifukute, na usiliache lichemke kwa nguvu, litakatika na mafuta yatajitenga. Anayemimina tui lote kwa pamoja na kwenda kutazama televisheni hapati mchicha wa hotelini hata akinunua nazi tatu.

Maharage yanataka usiku mmoja kwenye maji, na maji hayo yamwagwe. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu, si chini ya dakika 10, kwa kuwa yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayoumiza tumbo. Nyanya zisiingie kabla hayajaiva, maana uchachu huyachelewesha kulainika. Magadi huyalainisha upesi, lakini huharibu vitamini, hasa B1, ndiyo maana mimi siyatumii. Ukifika wakati wa kuunga, chota mwiko mmoja wa maharage, yaponde kwenye ukuta wa sufuria, yachanganye na mengine. Ule uzito wa mchuzi ambao watu hudhani unatokana na unga fulani unatokana na maharage yenyewe.

Kabichi na sukuma wiki ziko kinyume na hayo yote. Zenyewe zinataka haraka. Karai liwe pana na la moto, mboga ziwe chache na zimekaushwa maji baada ya kuoshwa, chumvi ije mwisho. Ukilijaza karai na kulifunika, mboga hutoa maji na kujichemsha ndani ya maji yake, rangi inakufa na harufu inageuka. Kwa familia kubwa, kaanga mara mbili kwa mafungu.

Najua nitajibiwa kwamba watu hawana muda. Mtu anatoka kazini saa kumi na moja, anapambana na foleni, anafika nyumbani giza limeingia. Sibishi. Ndiyo sababu nasisitiza mpangilio: sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji mtu kusimama jikoni. Maharage yanalowa mtu akiwa amelala. Viazi vinalowa mtu akiwa anaoga. Tena kuna vitu vya chupa, ambavyo kazi yake ni ya mara moja na ulaji wake wa siku nyingi. Kwa chatne, loweka ukwaju kwenye maji ya moto, usugue, uchuje, urudishe jikoni na sukari guru, chumvi, pilipili na bizari nyembamba mpaka uwe mzito. Ukipoa, uweke kwenye chupa safi ndani ya friji. Siku ya viazi karai au samaki wa kukaanga, kazi imeshakwisha. Achari ya ndimu ni chumvi, jua na subira. Chatne ya nazi peke yake haiwekeki; hiyo isagwe na iliwe siku ileile, kwa sababu nazi mbichi haichelewi kuchacha.

Wengine watasema ni gharama. Nazi, ndimu, fungu la mchicha, vitunguu na nyanya ni vitu vya bei ya chini kabisa sokoni ukilinganisha na nyama. Nyumba inayojua kuvipika inaweza kupunguza nyama bila mtu kunung'unika, kwa kuwa sahani imejaa na kila tonge lina ladha yake. Zanzibar kuna urojo, na ukiuangalia vizuri ni vikorombwezo vilivyokutanishwa bakuli moja: viazi, bajia, kachori, chatne, pilipili, mchuzi wenye uchachu. Watu hupanga foleni kwa ajili yake. Bakuli hilo halikuanzia kwenye nyama, na mlaji huondoka ameshiba na ameridhika.

Na hapa ndipo suala linapotoka kwenye utamu na kufika kwenye afya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chumvi isizidi gramu 5, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Sahani yenye mlima wa wali, kipande cha nyama na vijani viwili vya mapambo haifiki huko. Vipaketi na vidonge vya kuongeza ladha navyo vimejaa chumvi, na mpishi anayevitegemea huongeza chumvi nyingine juu yake bila kujua. Ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vinaamsha ulimi bila mzigo huo. Kwa kuwa kachumbari haipitii motoni, usafi wake ni jambo la kufa na kupona: mikono, kisu, ubao na maji yawe safi, na pale maji yanapotiliwa shaka yachemshwe kwanza, kwa sababu kipindupindu hupita palepale tunapofanya mzaha.

Liko jambo moja zaidi ambalo nalisema kwa moyo wangu wote. Kwenye jiko la mgahawa ule, waliokata vitunguu, waliomenya viazi na waliokaa kwenye mbuzi kukuna nazi walikuwa wengi wao vijana wa kiume, na walifanya kazi hiyo kwa ustadi na kwa fahari. Kijana huyohuyo akirudi kwao, hukaa barazani akisubiri kuitwa kula, wakati mama yake au dada yake anahangaika peke yake na majiko mawili. Hakuna mgahawa unaoendeshwa na mtu mmoja. Chakula cha hotelini ni kitamu kwa sababu kila kitu pembeni ya sahani kina mtu wake wa kukiangalia. Nyumba inayomwachia mtu mmoja kila kitu isitarajie chipsi kavu na mchicha ambao tui lake halikukatika.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila nyumba ni dogo na linaanza Jumamosi hii. Ijumaa usiku mtu mmoja aloweke maharage kabla ya kulala. Asubuhi baba amenye na kukata viazi, avitie majini. Mtoto mkubwa, wa kike au wa kiume, akabidhiwe kitunguu, chumvi na kisu chenye makali, aoneshwe mara moja namna ya kukisugua, kisha aachiwe. Mwingine akune nazi na kutenga tui la namna mbili. Mama, kama ndiye mpishi, abaki na nyama yake na mwiko wake bila kukimbizana na mambo kumi. Mkila mkaona tofauti, msirudi kwenye zamani. Hoteli tutaendelea kwenda siku za furaha, kukutana na watu na kupumzisha majiko yetu. Lakini chakula kizuri tusikifanye kuwa kitu cha kufuata nje, wakati kila kinachohitajika kiko sokoni na mikono ya kukitengeneza imejaa nyumbani.