Jua la Saa Sita na Macho ya Watoto



Jumapili iliyopita nilipita mbele ya kanisa moja hapa Ruiru wakati ibada ilipokuwa imekwisha. Ilikuwa yapata saa sita u nusu ya mchana. Wazazi walikuwa wamewapanga watoto wao mbele ya ukuta mweupe, wavulana kwa mashati meupe na wasichana kwa mavazi ya sikukuu, na kila mzazi ameshika simu yake ya mkononi akisema, "Simama wima! Fungua macho! Tazama huku!" Watoto walijitahidi kutii, lakini jua lilikuwa kali, nao walikunja nyuso kama watu walioonjeshwa dawa chungu. Nilisikitika, maana nilijua jinsi picha hizo zitakavyotoka. Basi leo napenda kuzungumza nanyi juu ya kumpiga mtoto picha nje, katika jua letu hili, ili sura yake ipate kuonekana.

Huenda msomaji mmoja akasema, "Bwana Karani, hilo ni jambo dogo; tupe habari za kahawa na za karo za shule." Nami nitamjibu kwa habari ya nyumbani kwetu. Mwaka 1997 mpiga picha wa kuzunguka alifika kwetu siku ya Jumapili baada ya ibada. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alisimamishwa uani amevaa kofia yake mpya, akalikabili jua la mchana. Mwaka uliofuata dada yangu aliugua akafariki dunia. Picha ile ndiyo pekee tuliyo nayo, na mama huihifadhi ndani ya Biblia yake. Gauni laonekana, viatu vyaonekana, hata kuku aliyepita nyuma aonekana. Lakini chini ya ile kofia pana kivuli kitupu. Mwaka huu binti yangu aliitazama, akauliza, "Nyanya, macho ya shangazi yalikuwaje?" Mama akamjibu, "Yalikuwa kama yako." Mimi mwenyewe nilikuwa mdogo siku zile, wala siwezi kuyakumbuka. Simlaumu mpiga picha yule. Alifanya kama alivyofundishwa. Lakini tangu hapo siliiti tena jambo hili dogo.

Sasa tuulize, kwa nini jua letu huharibu sura? Ruiru ipo kusini ya Ikweta kwa kiasi cha digrii moja tu. Katika miezi ya Machi na Septemba jua la mchana hupita utosini kabisa, na hata katika Juni au Desemba, linapokuwa limesogea kaskazini au kusini, halishuki sana. Tena saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa digrii 45 mashariki, nasi tupo karibu na digrii 37, hivyo jua letu hufika kileleni karibu na saa sita u nusu, yaani wakati ule ule watu wanapotoka kanisani. Nuru itokayo juu huangaza paji la uso, pua na mashavu. Lakini macho yamo shimoni chini ya nyusi, nayo hubaki gizani. Mtoto akivaa kofia, nusu ya uso huzama.

Jicho la binadamu laweza kuona mahali penye nuru na mahali penye kivuli kwa wakati mmoja. Kamera haina uwezo huo kwa kadiri ile. Hupima mwanga wa vitu vyote vilivyo mbele yake, na ikikuta ukuta mweupe na shati jeupe, hudhani kwamba mwanga umezidi, nayo huupunguza. Basi ukuta hutoka vizuri, na mtoto hutoka kama kaa lililozimika. Simu za siku hizi hujitahidi kusawazisha, lakini haziwezi kurudisha kitu ambacho nuru haikukifikia.

Desturi ya kumsimamisha mtu alikabili jua ina asili yake. Kamera ndogo ya sanduku iitwayo Brownie, ambayo kampuni ya Kodak ilianza kuiuza mwaka 1900 kwa dola moja, ilikuwa na tundu dogo la kupitishia nuru, na filamu za wakati ule zilitaka nuru nyingi. Kwa hiyo watu walifundishwa kwamba mpiga picha alipe jua mgongo, na anayepigwa alikabili. Shauri hilo lilivifaa vyombo vya wakati ule. Vyombo vimebadilika, lakini shauri limebaki, nasi twalifuata kama mtu anayeendelea kufunua mwavuli baada ya mvua kwisha.

Haya basi, yafaa tufanyeje?

Kwanza, tuchague saa. Kabla ya saa tatu ya asubuhi na baada ya saa kumi ya alasiri jua huwa limeinama, na nuru yake huingia chini ya nyusi. Wala tusiyadharau mawingu. Katika miezi ya Julai na Agosti, wakati wa baridi yetu, watu wengi huweka kamera kando wakisema kwamba hakuna mwanga. Kumbe wingu ni mithili ya pazia kubwa jeupe lililotandazwa chini ya jua. Nuru hutoka pande zote, na mtoto hufungua macho bila taabu.

Pili, ikiwa hapana budi kupiga picha mchana, tumwondoe mtoto juani. Mweke chini ya ukingo wa mabati, barazani, au mlangoni, hatua moja ndani ya kivuli, uso wake ukitazama nje penye uwazi wa mbingu. Macho yake yatameta, kwa kuwa yanaiona mbingu. Asisimame ndani sana, maana huko ni giza. Tena jihadharini na vivuli vya miti. Mgrevilea uliopandwa katikati ya kahawa ni mti mwema, lakini majani yake hupenyeza jua vipande vipande, na mtoto hutoka na madoa kama chui. Chini ya migomba nako nuru hugeuka kijani, na uso huonekana kama wa mgonjwa. Lakini udongo wetu mwekundu ni rafiki: ukipigwa na jua mbele ya baraza, hurudisha mwanga wenye joto usoni mwa mtoto. Mahali pasipokuwa na udongo mkavu ulio wazi, shuka nyeupe iliyotandazwa juani mbele ya miguu yake yatosha.

Tatu, pasipokuwa na kivuli chochote, mgeuze mtoto alipe jua mgongo. Hapo hatakunja uso, na nywele zake zitapata ukingo wa nuru. Kisha gusa uso wake katika kioo cha simu, ili simu ijue kwamba huo ndio mnaoutaka, na ikiwa bado ni mweusi, ongeza mwanga kwa kidole. Anga nyuma yake itapauka. Na ipauke, kwa maana hukuja kupiga picha ya anga. Kofia isogezwe nyuma kidogo au ivuliwe kabisa.

Nne, tuinamie kimo cha mtoto. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkubwa anayepiga picha akiwa amesimama hupata utosi mkubwa na miguu mifupi. Piga goti, kamera iwe sawa na macho yake. Simama hatua mbili mbali naye, wala usimkaribie mno, kwani pua huonekana kubwa kuliko ilivyo. Na kabla ya yote futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi; vumbi la barabarani na mafuta ya vidole huleta ukungu, hasa mbele ya jua.

Tano, tusiwaamuru watoto kama askari wa gwaride. Mpe mtoto kazi anayoijua: achambue maharagwe, ashike kifaranga, au amweleze mdogo wake hadithi. Kama jua humfanya apepese macho, mwambie ayafumbe, uhesabu hadi tatu, kisha ayafumbue. Piga saa ile ile.

Nina neno jingine juu ya rangi ya ngozi zetu. Kwa miaka mingi katika karne iliyopita filamu za rangi zilisawazishwa kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley. Haishangazi kwamba katika picha nyingi za zamani watu weusi hawaonekani ila meno na macho, na pengine hata macho hayaonekani. Siku hizi kosa limegeuka upande wa pili, kwa sababu simu nyingine zina mitambo ya kuung'arisha uso mpaka mtoto hafanani tena na wazazi wake. Tuizime mitambo hiyo. Twataka mwanga wa kutosha ili rangi ya mtoto ionekane ilivyo. Hatutaki rangi nyingine.

Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako, nchini Mali, mwaka 1948, alipiga picha nyingi uani kwa nuru ya mchana, kitambaa kimetundikwa nyuma ya mgeni wake. Picha zake zimeonyeshwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani, na katika picha hizo twaona weusi wa ngozi, ulaini wa mashavu, na macho ya kila mtu. Nuru aliyoitumia ndiyo hii hii inayoingia barazani kwetu bila malipo.

Mwisho, picha mkiisha kuzipata, msiziache ndani ya simu. Simu huibwa, huanguka majini, na huzeeka upesi. Kila mwaka chagueni picha moja ya kila mtoto, mkaisafishishe kwa karatasi nzuri, na nyuma yake mwandike jina, mahali na tarehe kwa kalamu ya risasi. Msingoje siku ya sikukuu. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Na mwana wa leo, hata akiwa na afya njema, mwaka ujao atakuwa na sura nyingine.

Jumapili ijayo, basi, watoto na wale kwanza, na wacheze kidogo. Saa kumi ikifika, waite barazani.

Ni mimi, Karani wenu,
Ruiru.