Kazi na Watu: Msimamizi Aseme Mapema

Mtu akipandishwa cheo akawa mkubwa wa wenzake, hupewa funguo za stoo, daftari la mahudhurio, na pengine meza yenye kufuli. Mafundisho ya kukaa na watu hapewi. Jana alikuwa akila chakula cha mchana pamoja na wenzake chini ya mti. Leo yampasa kumwambia mmoja wao kwamba kazi yake haitoshi. Wengi hudhani kuwa taabu ya usimamizi ni hesabu na ripoti. Sivyo. Hesabu iliyokosewa husahihishwa kwa kalamu, lakini watu wawili wasiosemezana katika ofisi moja huweza kuharibu kazi ya mwezi mzima, na hakuna kalamu iwezayo kuwapatanisha.

Juma hili nataka kuzungumza na wote walio na watu chini yao: karani mkuu mwenye makarani wanne, nyapara wa barabara, na mkulima mwenye wachumaji wawili katika ekari moja ya chai. Huyu wa mwisho pengine hajihesabu kuwa msimamizi, lakini mbele ya sheria yeye ni mwajiri kamili.

Neno hilo nyapara lina historia katika nchi yetu ya Kenya, nayo si tamu. Tangu mwaka wa 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kuchukua kipande, wakakivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Humo mwajiri aliandika siku mtu alipoanza kazi, siku alipoacha, na mshahara wake. Mtu aliyeondoka bila kuandikiwa kwamba ameruhusiwa alikuwa katika hatari ya kukamatwa. Kwa hiyo neno la mkubwa wa kazi liliweza kumfungia mtu njia ya riziki. Kipande kimekwisha zamani, lakini nadhani hofu yake haijatoka kabisa. Hata leo mtu akiambiwa, 'Unaitwa na mkubwa,' jambo la kwanza afikirialo ni namna ya kujikinga. Msimamizi akilisahau hilo hatapata kusikia ukweli.

Kosa lililo kubwa kuliko yote katika usimamizi, kwa maoni yangu, si ukali. Ni kunyamaza. Chukua karani mmoja aanzaye kuchelewa. Kazi huanza saa mbili; yeye huingia saa mbili na nusu. Siku ya kwanza mkubwa wake anaona, lakini hasemi kitu. Siku ya tatu anafanya mzaha mbele ya watu, 'Naona bwana mkubwa amefika,' na wote wanacheka. Juma la pili anaanza kulalamika kwa wengine, wala si kwa mwenyewe. Mwisho wa mwezi, siku ambayo kuna mgeni kutoka makao makuu, anapasuka kama chupa ya soda iliyotikiswa, na maneno ya siku thelathini yanatoka kwa dakika moja. Yule karani anashangaa, tena ana haki ya kushangaa, kwa maana kwa mwezi mzima ameona ya kuwa saa mbili na nusu ni saa ya kazi. Hakuna aliyemwambia vingine.

Ingalikuwa rahisi namna gani kumwita siku ya pili au ya tatu, peke yake, mlango umefungwa, na kusema hivi: 'Jumatatu uliingia saa mbili na nusu, na jana saa mbili na dakika arobaini. Kuna nini?' Kisha kunyamaza. Hapo ndipo kunyamaza kunapofaa. Wasimamizi wengi huuliza swali na kulijibu wenyewe: 'Kuna nini, ni pombe, sivyo?' Mtu akishaambiwa hivyo hawezi tena kusema kwamba mama yake amelazwa hospitali.

Na sababu za kuchelewa ni nyingi, kila moja na dawa yake. Yuko aliyehamia mbali kwa sababu ya kodi ya nyumba, naye sasa apanda matatu mbili. Huyu mwaweza kupatana aanze na kumaliza baadaye kidogo, ikiwa kazi yenyewe yaruhusu. Yuko mwenye mtoto mgonjwa. Yuko aliye mgonjwa mwenyewe, naye aogopa kusema asije akakatwa mshahara. Huyu aambiwe wazi yaliyomo katika Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007: akiisha kufanya kazi miezi miwili mfululizo, na akileta cheti cha daktari, ana haki ya ugonjwa ya siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12. Nimekutana na wakulima wasioijua haki hiyo kabisa, wakidhani yawahusu watu wa makampuni makubwa tu. Mwisho, yuko aliye mvivu tu. Huyo naye yupo, tusijidanganye; lakini hutamjua mpaka umewauliza wengine kwanza.

Jambo la pili ni gumu zaidi, hasa kwetu sisi tulio na umri wa miaka thelathini na kitu. Ni kumsimamia mtu mwenye umri wa baba yako. Katika ofisi nyingi utamkuta mzee aliyeanza kazi kabla msimamizi hajaingia darasa la kwanza. Ajua kila faili lilipo, na aweza kukwambia barua fulani ilijibiwa na nani. Sasa faili zinaingizwa katika kompyuta, na kazi yake imeanza kurudi nyuma. Vijana wengine wakipewa mtu kama huyo humwogopa, wakamwachia afanye apendavyo, na kazi yake wakawatwika wengine usiku. Wengine huona lazima waonyeshe kwamba wao ndio wakubwa, wakamwita kwa jina lake tupu mbele ya tarishi. Njia zote mbili ni mbaya, na hii ya pili ni aibu.

Heshima imo katika namna ya kusema. Kazi yenyewe haipunguzwi kwa sababu ya mvi. Mtu aweza kwenda mpaka mezani pa mzee, badala ya kumwita, akasema, 'Mzee, naomba nafasi tuzungumze juu ya faili hizi mbili zilizokawia.' Kisha aulize, na angoje. Mara nyingi atakuta kwamba mzee hakukataa kompyuta. Hakujua kuitumia, na mtu pekee wa kumfundisha ni binti wa umri wa mwanawe wa mwisho. Kukiri jambo hilo mbele ya watu ni kuzito kwake kuliko kuonekana mvivu. Dawa niliyoiona ikifaa ni kuwapa kazi moja hao wawili: mzee amfundishe binti jinsi faili za zamani zilivyopangwa, na binti amwonyeshe mzee jinsi ya kuziingiza katika mashine. Hapo kila mmoja ni mwalimu wa mwenzake, wala hakuna aliyevuliwa nguo mbele ya wenzake.

Tuje shambani. Ugomvi wa wachumaji wa chai kwa kawaida huanzia kwenye mizani. Wachumaji hulipwa kwa kilo, na mmoja akiona mwenzake anapata nyingi kila siku huanza kusema kwamba mwenye shamba ana mpendwa wake. Mwenye shamba huudhika, huwaambia wanyamaze, na baada ya juma moja mmoja wao hamjibu mwenzake hata salamu. Mkulima mwenye akili haanzi na maneno yao. Huanza na mizani. Je, majani ya huyu hupimwa asubuhi yakiwa bado na umande, na ya yule hupimwa alasiri yakiwa yamelala juani? Majani yakinyauka hupoteza maji, na maji ni uzito. Je, uzito wa kikapu hutolewa kwa wote sawasawa? Je, mmoja huchuma majani mawili na chipukizi kama itakiwavyo, na mwenzake huvuta hata majani makubwa magumu ambayo karani wa kituo ataweza kuyakataa? Huenda basi mwenye kilo chache ndiye mchumaji bora.

Ukiisha kuchunguza hayo, wapimie wote saa moja, mbele yao wote, na kila mmoja awe na kijitabu chake unachokiandika pamoja na daftari lako. Ugomvi mwingi hufa hapo hapo pasipo hukumu. Ule usiokufa uusikilize kama wazee wasikilizavyo barazani: huyu aseme mpaka amalize, na yule aseme mpaka amalize, wala asikatizwe mtu. Usimsikilize mmoja jioni jikoni kwako na mwingine kesho njiani. Anayekuja peke yake usiku kumsema mwenzake, mwambie kwa upole kwamba neno hilo atalirudia kesho mwenzake akiwapo. Utashangaa jinsi maneno yanavyopungua.

Juu ya mambo mengine nitasema kwa kifupi. Msimamizi asiwe mkopeshaji wa watu wake. Mtu mwenye deni lako huwezi kumwonya bila yeye kufikiri kwamba unadai fedha zako. Na hata mwajiri mwenyewe, akikata mshahara, sheria yamzuia kukata zaidi ya theluthi mbili kwa mara moja. Mwana wa ndugu yako akiajiriwa chini yako, ripoti zake ziandikwe na mtu mwingine, na likizo yake iamuliwe na mwingine. Na yule msimamizi anayemwahidi mwanamke zamu nzuri au cheo kwa ajili ya mambo yasiyo ya kazi, huyo hana tatizo la watu. Yeye mwenyewe ndiye tatizo. Sheria hiyo hiyo ya 2007 yamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taratibu zilizoandikwa juu ya jambo hilo. Ziulizie kazini kwako zilipo.

Sasa ulevi, na matusi, na kutoroka kazini: mambo ambayo humfanya msimamizi aseme, 'Chukua vitu vyako, uende.' Kweli, mambo hayo matatu yametajwa katika sheria kuwa yaweza kumfukuzisha mtu bila notisi. Lakini wengi hawajui kwamba hata hapo mtu hafukuzwi kabla ya kusikilizwa. Kwanza aelezwe shauri lake katika lugha anayoifahamu. Kisha aruhusiwe kuwa na mwenzake wa kazi, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, wakati wa kuelezwa. Na maneno yake na ya mwenzake huyo yasikilizwe. Mwajiri asiyefanya hivyo aweza kushtakiwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na kulipishwa hata mishahara ya miezi 12. Watumishi wa serikali wana taratibu nyingine pia chini ya Tume ya Utumishi wa Umma, lakini nao husikilizwa kwanza.

Wengine husema, 'Huyu ni kibarua tu, hana barua ya kazi.' Waangalie vizuri. Kibarua akiisha kufanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, sheria yamhesabu kama mtu wa mshahara wa mwezi. Wachumaji waliokaa kwako tangu mvua za masika si vibarua tena, hata ukiwalipa kila jioni.

Sheria ni ukuta wa mwisho, wala haifai kuukimbilia siku ya kwanza. Mlevi wa Jumatatu moja baada ya mshahara asihukumiwe akiwa bado amelewa. Arudishwe nyumbani kwa usalama, hasa kama kazi yake ni ya gari au mashine, na aitwe kesho yake akiwa na akili zake. Aulizwe, aandikiwe onyo, naye atie sahihi kwamba amelipokea. Mwajiri mwenyewe naye atazame mahali anapolipia watu. Sheria yakataza mshahara kulipwa mahali panapouzwa pombe, isipokuwa kwa wale walioajiriwa papo hapo. Ajabu ni kwamba wengine huwalipa watu wao mlangoni mwa kilabu, kisha wakalalamika juu ya ulevi.

Andika tarehe za mambo haya yote katika daftari lako: siku uliyosema naye, ulilomwambia, na alilojibu. Usiandike 'ni mtu mbaya'. Andika 'tarehe 4 aliingia saa tatu, akasema mtoto alikuwa zahanati.' Mwonyeshe ulichoandika, ili baadaye asiseme kwamba kilitungwa akiwa hayupo.

Na kama ikifika siku ya kuachana, iwe kwa wema au kwa ubaya, mtu aliyekutumikia majuma manne au zaidi ana haki ya kupewa cheti cha utumishi, chenye jina lake, aina ya kazi aliyoifanya, siku aliyoanza na siku aliyoacha. Hata aliyefukuzwa apewe. Usimzungushe aje kesho na kesho kutwa. Kiandike siku hiyo hiyo, maana huko aendako ndicho kitu cha kwanza atakachoulizwa.